Kosa la Pili

Jumatatu inayofuata drafti, magazeti na televisheni za Marekani huwa zimeshagawa alama. Klabu hii imepata A, ile B, nyingine D na maneno makali juu yake. Wachezaji wenyewe saa hiyo bado wako kwao, wanakumbatiana na shangazi zao na kupiga picha wakiwa na kofia za klabu ambazo miji yake pengine hawajawahi kuikanyaga. Kwenye uwanja wetu hawajagusa mpira hata mmoja. Ndani ya jengo tunalofanyia kazi, siku hiyo hakuna anayetoa alama. Maskauti, waliokesha kwenye hoteli za miji ya vyuo tangu Agosti, wanafidia usingizi. Makocha wanafungua mafaili waliyokabidhiwa. Mimi napanga kamera.

Mimi ni mchambuzi wa video wa klabu moja ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Jina la klabu siliweki hapa kwa sababu mkataba wangu unanifunga mdomo, na nitakayoyaeleza yanafanywa na klabu zote 32, kila moja kwa mtindo wake. Nilizaliwa Tanga, nikaja huku kusoma, nikapata kibarua cha kushika kamera kwenye timu ya chuo, kibarua kikageuka ajira. Nyumbani wengine bado wanaamini nafanya kazi kwenye soka. Mjomba wangu, anayesimulia ubingwa wa Coastal Union wa 1988 kama jambo la juzi, hunipigia kila Mei.

"Mjomba, mbona yule mrefu hamkumnunua?"

"Hanunuliwi, mjomba. Hawa wanagawiwa."

"Wanagawiwa na nani?"

Ndiyo sehemu inayomshinda mtu aliyekulia kwenye dirisha la usajili. Kila Aprili, kwa siku tatu, klabu hupokezana kuchagua wachezaji waliomaliza au kuondoka vyuo vikuu. Raundi ni saba. Klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua mwanzo, bingwa huchagua mwisho, ingawa zamu zenyewe huuzwa na kubadilishwa kama viwanja. Mchezaji aliyetajwa jina ni mali ya klabu iliyomtaja. Anasaini miaka minne, na tangu mkataba wa pamoja wa 2011 mshahara wake unafuata namba aliyochaguliwa, kwa hiyo hata wakala hana mengi ya kubishana. Wanaochaguliwa kwa mwaka ni mia mbili na hamsini na kitu. Wanaoachwa huanza kupigiwa simu dakika ileile drafti inapofungwa, na hao angalau wanaweza kuchagua waende wapi.

Mchezo huu wa kubahatisha una umri mrefu. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mwaka 1936, na mtu wa kwanza kabisa kutajwa, Jay Berwanger, aliyekuwa nyota wa vyuo, hakucheza hata mechi moja ya kulipwa. Akaenda kutafuta riziki kwingine. Huwa nawatajia vijana wapya wa idara yetu jina hilo.

Faili la mchezaji linapofika mezani kwangu lina kurasa nyingi: daktari amepima magoti na mabega, skauti amezungumza na makocha wa sekondari na hata na mtu wa kufua jezi, mwanasaikolojia ameweka maoni yake. Zimo namba za kombaini, mitihani ya viungo inayofanyika Indianapolis kila mwaka. Mchezaji anakimbia yadi 40, yaani mita 36 na nusu hivi, anaruka juu, anaruka mbele, analala kwenye benchi na kunyanyua kilo 102 mara nyingi awezavyo. Watu hupenda mbio. Mwaka 2017 John Ross alikimbia kwa sekunde 4.22, rekodi ya wakati huo, na Cincinnati wakamchukua wa tisa. Msimu wake wa kwanza ulikwisha bila kudaka pasi hata moja, na jina alilotarajiwa kulijenga hakulijenga kamwe. Tom Brady, kwa upande wake, alikimbia mwaka 2000 kama mtu anayewahi daladala iliyokwisha kuondoka, sekunde 5.28, akachaguliwa wa 199. Yaliyofuata kila mtu wa mchezo huu anayajua: akawa mmoja wa wakubwa wake kuliko wote. Namba za Indianapolis nazisoma, sizidharau. Beki wa pembeni mzito wa miguu hawezi kufichwa. Lakini drafti ikishapita zinakuwa zimemaliza kazi yake. Swali linabadilika.

Skauti alikuwa anajibu: huyu ni nani? Kocha sasa anauliza: atanisaidia kwa lipi, na lini? Mabishano mengi ninayoyashuhudia Mei yanazaliwa hapo. Skauti amemfuatilia kijana miaka miwili, anajua siku alipocheza na kidole kilichovunjika. Kocha anamwona kwa mara ya kwanza Ijumaa asubuhi na Ijumaa hiyohiyo mchana anataka kujua kama anaweza kusimama upande wa kushoto.

Wiki moja au mbili baada ya drafti inafanyika kambi ya wageni, mwisho wa juma mmoja. Wanakuja waliochaguliwa, wanakuja waliosajiliwa bila kuchaguliwa, na wanakuja wengine wa majaribio tu, wanaopewa jezi, chumba cha hoteli na siku hizo chache, basi. Hakuna vikinga vya mabega, na kugongana hakuruhusiwi. Kwa hiyo nusu ya mchezo haionekani. Kijana wa safu ya mbele, ambaye kazi yake yote ni kusukumana na mtu mwenye kilo 140, anacheza bila kusukumana. Wanaoandika kwamba fulani "aliwaka" kwenye kambi ya wageni wananichekesha. Mshambuliaji anayekimbia bila kuogopa kugongwa lazima awake.

Kinachoonekana ni kingine. Mguu wa kwanza mpira unapoanzishwa. Macho yanakwenda wapi. Nyonga zinageuka lini. Na zaidi ya yote, kumbukumbu: jana usiku kijana amepewa kurasa kadhaa za kitabu cha mbinu, chenye lugha asiyoijua, kwa sababu kila klabu ina majina yake ya vitu vilevile, na asubuhi anatakiwa azigeuze kuwa hatua za miguu huku mtu mwenye kasi kama yake anamjia.

Narekodi kwa kamera mbili. Moja iko juu pembeni ya uwanja, inawachukua wachezaji wote 22. Nyingine iko juu nyuma ya goli, inaonyesha upana wa mikono na pembe za miguu. Kila tukio linatazamwa kwanza kwa kamera hii, halafu kwa ile, na kocha hushika rimoti mwenyewe, mbele, nyuma, mbele, nyuma, sekunde moja na nusu ya mazoezi ikaliwa dakika tano.

Tulimpata wakati mmoja beki wa pembeni wa raundi za chini, kutoka chuo kidogo ambacho mechi zake hazionyeshwi popote. Ijumaa aliteketea. Alisimama mbele ya mpokeaji, na kila mpokeaji alipotikisa bega la ndani, yeye aligeuza nyonga zote mbili kuelekea ndani na kuacha nje wazi. Kwenye kamera ya nyuma ya goli ilionekana vizuri kuliko tulivyotaka: kisigino cha kushoto kinanyanyuka kabla mpokeaji hajaamua chochote. Chumbani, usiku, kocha wa mabeki alisimamisha picha pale kisigino kilipoanza kuinuka, akauliza, "Hapa umeona nini?" Kijana akajibu, "Bega." Kocha akasema, "Bega linadanganya. Tazama kitovu." Akaendelea na mchezaji mwingine.

Jumamosi kijana akafungwa tena. Safari hii alikaa mraba muda mrefu mno, akitazama kitovu kweli kama alivyoambiwa, hadi mpokeaji akampita kwa nje kwa nguvu za miguu tu. Skauti aliyekuwa amekaa karibu nami alishusha pumzi. Mimi nikaandika: kosa jipya. Kwa hesabu zangu hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za siku ile. Kosa la Ijumaa lilikuwa limekufa ndani ya usiku mmoja. Alilipeleka darasani, likarekebishwa, akarudi uwanjani kukosea mbele zaidi. Jumapili alianza kugusa mipira.

Mchana uleule wa Jumamosi kulikuwa na mwingine, mkubwa wa mwili, wa raundi za juu, mkali wa kukimbilia kwotabeki, yule mrusha mpira anayeongoza mashambulizi. Ijumaa alimpita kila mtu kwa kuzunguka nje. Jumamosi vilevile. Kocha alimwambia ajaribu kuingia ndani, aonyeshe nje halafu akate. Akaitikia kwa adabu, akarudi kuzunguka nje, na akampita mtu wake tena, kwa sababu mtu wake alikuwa kijana wa majaribio ambaye wiki iliyopita alikuwa anafundisha mazoezi ya viungo shuleni. Nje ya uzio watu walipiga makofi. Kwenye karatasi yangu niliandika kosa lilelile, mara ya pili, na nikapigia mstari. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke, na mimi nakubali. La pili, likiwa ni lilelile, baada ya mtu kuonyeshwa kwa picha, linaeleza jambo ambalo mbio za yadi 40 haziwezi kulieleza. Chuoni alikuwa ameshinda kwa mwili miaka mitatu, na mwili haukumpa sababu ya kujifunza.

Ndiyo maana sipendi neno "kipaji" litumike Mei. Kipaji kimeshalipiwa. Kinachopimwa sasa ni umbali kati ya kuambiwa na kufanya, na umbali huo kwa wengine ni usiku mmoja, kwa wengine msimu mzima, kwa wengine haumaliziki.

Haki, hata hivyo, haipo sawa kwa wote, na nisiposema hivyo nitakuwa natangaza biashara. Mchezaji wa raundi ya kwanza anaruhusiwa kukosea hadi Desemba. Meneja mkuu ndiye aliyemtaja mbele ya kamera za nchi nzima, na kumwacha ni kukiri hadharani. Wa majaribio anaruhusiwa kukosea Ijumaa. Nikitazama video zao bila namba za jezi, na nimewahi kuomba tufanye hivyo, tofauti yao mara nyingi ni ndogo kuliko tofauti ya subira wanayopewa. Richard Thaler, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017, na mwenzake Cade Massey walichambua drafti za miaka mingi wakiuliza swali rahisi: ukimlinganisha mchezaji na yule aliyefuata kuchaguliwa kwenye nafasi ileile ya uwanjani, ni mara ngapi wa kwanza ndiye aliyekuja kuwa bora? Walipata kama asilimia 52. Sarafu inakupa 50. Klabu zinatoa mali nyingi mno kwa hizo mbili.

San Francisco ndio mfano unaozungumzwa sana kwenye vyumba vyetu, kwa sababu watu walewale, kwenye jengo lilelile, walilipa ghali mara moja na karibu bure mara nyingine. Mwaka 2021 walitoa chaguzi tatu za raundi ya kwanza na nyingine ya raundi ya tatu ili wapande hadi nafasi ya tatu kumchukua kwotabeki Trey Lance. Mwaka uliofuata, zamu ya mwisho kabisa ya drafti, ya 262, walimchukua kwotabeki mwingine, Brock Purdy. Septemba 2022 Lance alivunjika kifundo cha mguu. Desemba, Jimmy Garoppolo aliyekuwa amechukua nafasi yake akaumia mguu naye. Akaingia wa 262, na Februari 2024 alikuwa anacheza Super Bowl, fainali ya ligi, waliyoipoteza kwa Kansas City kwenye muda wa nyongeza. Lance alikuwa ameshapelekwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Nani aliwatathmini vibaya? Mimi huwaambia wenzangu kwamba swali lenyewe halijakaa sawa. Lance hakucheza vya kutosha hata tumjue, na Purdy asingecheza kabisa kama mifupa ya wenzake ingekuwa imara. Mpangilio ule haukuwa kwenye faili la mtu yeyote.

Alama za Jumatatu nazo zina kasoro yake maalumu: zinapima bei. Mwandishi ana orodha yake ya nani anastahili nafasi gani, na klabu ikichagua tofauti inanyimwa alama. Detroit mwaka 2023 walimchukua mkimbiaji Jahmyr Gibbs nafasi ya 12 na mlinzi wa kati Jack Campbell nafasi ya 18, na wakasemwa sana, kwa sababu nafasi hizo mbili uwanjani siku hizi huhesabiwa kuwa za bei nafuu. Raundi ya pili wakawachukua Sam LaPorta na Brian Branch. Msimu huohuo Gibbs alikuwa tishio, LaPorta akadaka pasi 86, ambazo hakuna mgeni wa nafasi yake aliyekuwa amezifikisha, na klabu ikafika hatua moja kabla ya Super Bowl. Nadhani Detroit waliuliza swali la kocha wakati wengine wanauliza swali la soko: huyu atafanya nini kwetu, kwenye mbinu zetu, mwaka huu?

Kuna wasio na faili kabisa, na hao nawafuatilia kwa jicho la nyumbani. Daniel Adongo, Mkenya, alitoka kwenye raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kupita chuo wala drafti. Alicheza mechi chache msimu huo na uliofuata, kisha 2015 akaachwa. Miaka mitano baada ya Adongo kufika, Philadelphia walimchagua Jordan Mailata, Mwaustralia wa raga, raundi ya saba, wa 233, akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Mwaka wa kwanza hakuingia uwanjani, wa pili pia hapana. Mwaka 2020 akawa anaanza, na Februari 2025 akashinda Super Bowl akiwa nguzo ya ulinzi wa kwotabeki upande wa kushoto. Miili yote miwili ilikuwa ya ajabu. Ninavyoona, tofauti iko kwenye kazi waliyopewa. Mlinzi wa safu ya mbele hurudia hatua chache mara elfu na kosa lake hurekebishika kwa kipimo cha sentimita. Adongo aliwekwa kwenye safu ya walinzi wanaopaswa kusoma nia ya timu nzima kabla mpira haujaanzishwa, jambo ambalo vijana wa huku huanza kulijifunza wakiwa na miaka kumi. NFL ilipofanya kambi yake ya Afrika Nairobi mwaka 2023, nilitazama hasa vijana wale wakubwa wanawekwa nafasi gani.

Juni makocha huwa wameshaona wageni wakichanganyika na wenyeji. Julai mwishoni inaanza kambi kubwa, vikinga vya mabega vinavaliwa, na pale maandishi yangu ya Mei yanakutana na mgongano wa kweli. Baadhi yanafutika. Mara nyingi walioonekana wazito wanageuka kuwa watulivu, na wepesi wa Mei wanaanza kukwepa. Yule mkubwa wa kuzunguka nje alikutana na mwenyeji wa miaka tisa kwenye ligi, ambaye alimngoja palepale nje, akamshika kifuani, akampeleka alikotaka, siku nzima. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anakata ndani. Hakuwa mvivu, alihitaji tu mtu wa kumshinda, na kambi ya Mei haikuwa na mtu huyo.

Mwisho wa Agosti kikosi kinapunguzwa kutoka wachezaji 90 hadi 53. Aliyeachwa anakaa sokoni saa 24; asipochukuliwa na klabu nyingine anaweza kurudi kwenye kikosi cha mazoezi, kwa mshahara mdogo zaidi, jezi ya kuiga mchezo wa wapinzani, na matumaini. Asubuhi ile kuna mtu ambaye kazi yake ni kuwafuata wachezaji kwenye korido na kuwaambia waende kumwona kocha, wabebe na tableti yenye kitabu cha mbinu. Kila mtu jengoni anajua maana ya tableti hiyo. Beki wetu wa chuo kidogo aliitwa. Saa 24 zikapita bila klabu kumchukua, akarudi kwenye kikosi cha mazoezi, na Novemba, mabeki wawili walipoumia, akaingia kwenye mechi ya ugenini. Alifungwa mara moja, kwa nje. Nikamwekea kipande hicho peke yake kwenye folda yake kabla ndege haijatua.

Tathmini yenye fedha ndani yake inakuja baadaye. Kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza, klabu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano wa mkataba, na uamuzi unatakiwa baada ya misimu mitatu, mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Tarehe hiyo huangukia karibu na drafti mpya. Kwa hiyo wiki ileile ninayopanga kamera kwa ajili ya wageni, meneja mkuu huniomba karatasi za wale wa miaka mitatu iliyopita. Huwa anauliza kwanza ukurasa wa Jumamosi.